Mikono ya Mama Chini ya Meza

Uma wangu ulidondoka, nikainama kuuokota.

Ni hilo tu nililofanya siku ile. Kama uma ungebaki mezani, huenda mpaka leo ningekuwa namwita mdogo wangu malaika.

Juu ya meza alikuwepo bata mzinga ameokwa mpaka ngozi imekuwa rangi ya asali. Viazi vya kuponda, mchuzi mzito pembeni, pai mbili za maboga. Watu kumi na wawili tumekaa, tumevaa nguo za kutokea, tunangoja kupigwa picha ya Sikukuu ya Shukrani, ile ya Marekani ya mwezi wa kumi na moja.

Chini ya meza...

Mikono ya mama yangu ilikuwa imefungwa.

Mmoja kwenye ubao wa kiti upande wa kulia, mwingine kushoto. Kafungwa kwa utepe wa rangi ya chungwa, ule wa kufungia mapambo, umezungushwa mara tatu na fundo limekazwa. Vidole vimevimba, vimekuwa kama zambarau zilizoiva.

Na ile harufu, jamani... Mkojo wa tangu asubuhi, umepuliziwa manukato ya mdalasini juu yake. Nilikuwa nimeisikia tangu nakaa, nikadhani ni mbwa wao.

Nikiwa huko chini nikamsikia mdogo wangu Corrie, sauti tamu kama siku zote.

"Haya, wote tabasamu. Mama, niangalie mimi. Angalia simu, mama."

Nikainuka. Nikashika pindo la kitambaa cha meza, nikalifunua mpaka juu ya sahani, kila mtu aone.

"Nani amemfunga mama?"

Shangazi Arlene akaweka glasi yake chini taratibu. Wengine wakageuza macho dirishani kama kuna kitu kinapita barabarani.

Nikamgeukia shemeji yangu, Wendell. Yeye ndiye aliyemleta mama mezani, nilimwona kwa macho yangu.

"Ni wewe, sio?"

Wendell akanitazama. Akachukua kisu cha kukatia bata, akapiga magoti kando ya kiti, akaukata ule utepe upande mmoja, kisha wa pili. Halafu akakaa pale pale chini, ameshika vidole vya mama anavisugua.

Nikasema moyoni, ona mnafiki huyu.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Naitwa Maribeth. Nina miaka arobaini na minne, naishi Chicago, nasimamia mapokezi kwenye kliniki moja ya meno. Sina mume, sina mtoto. Nina paka mmoja na chumba cha wageni kisicholala mtu.

Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na Corrie. Tumekulia upande wa pili wa ziwa lililo kando ya mji huo, magharibi mwa jimbo la Michigan, kwenye mashamba ya matufaha. Baba alipofariki mama akaanza kusahau. Alianza na funguo, akaja njia ya kanisani, mwisho majina yetu.

Miaka miwili iliyopita Corrie akamchukua mama akae kwake. Nilimshukuru Mungu siku hiyo, na Corrie nikamshukuru mara mbili zaidi. Maana mkubwa ni mimi, na kila mtu alijua zamu ile ilikuwa yangu.

Wendell sikuwahi kumpenda. Anaendesha lori la maziwa, haongei, buti zake zinanuka ng'ombe hata Jumapili. Siku ya harusi yao nilimwambia mama kwamba Corrie kajitupa. Mama alinifinya niseme polepole.

Basi mwaka jana, mwezi wa tisa, Corrie akafungua ukurasa mtandaoni. Akauita Msimu na Mama.

Kwetu, majani yakianza kugeuka rangi hakuna anayekaa ndani. Kila Jumamosi familia inatoka. Mnakwenda kuchuma matufaha. Mnakwenda kuchagua maboga shambani. Mnapotezana kwenye njia zilizokatwa katikati ya mahindi, mkitoka hapo mnakunywa juisi ya matufaha ya moto na donati. Inakuja Halloween ya kuvaa mavazi ya kuigiza, inakuja Shukrani, halafu mnakwenda kukata mti wa Krismasi.

Mpaka Halloween, Corrie alimpeleka mama kote huko.

Mama na sweta la bluu chini ya mtufaha. Mama na sweta la kijani kapakata boga. Mama na skafu ya maua, majani mekundu yanamwangukia kichwani. Mama na taji la malkia siku ya Halloween. Kila picha mama anacheka, meno yote nje.

Chini ya picha Corrie anaandika maneno ya kukutoa machozi. Wapendeni wazazi wangali hai. Mama alinibeba, sasa nambeba mimi.

Watu elfu nne walikuwa wanamfuata. Huyu anaandika Mungu akuzidishie, yule anaandika laiti ningezaa binti kama wewe.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Nazitazama asubuhi nikinywa kahawa, moyo unatulia kabisa, kama vile nimekwenda nikakaa na mama nikarudi. Nikimaliza naoga, nakwenda kazini.

Kwa macho yangu sikuwa nimemwona mama tangu mwezi wa sita.

Haya, turudi mezani.

Corrie aliishusha simu. Mlidhani aliona haya? Wala. Alikunja uso kama mtu aliyekatizwa kazi yake.

"Ni dakika tano tu, Beth. Kila nikimvalisha kofia anaivua. Ulitaka avute mshumaa aungue?"

"Dakika tano? Vidole vimekuwa vyeusi, Corrie."

"Usinifokee mbele ya watu. Wewe umefika leo saa sita. Mimi nipo hapa kila siku."

Shangazi Arlene akakohoa kidogo. Akasema chakula kinapoa, tule kwanza, mambo ya familia tutayaongea baada ya pai.

Naapa alisema hivyo. Na watu wakaanza kupitishiana viazi...

Nilitazama ile mikono inayopokezana bakuli, midomo inayomsifu bata, na mama pembeni analowa kwenye kiti. Hasira naijua. Ile ilikuwa kinyaa.

Nikasema nakwenda kumwogesha mama. Wendell akamnyanyua bila kuambiwa, akamfikisha bafuni, akafungua maji, akayapima kwa kiwiko. Kisha akatoka akafunga mlango.

Nikaanza kumvua.

Sweta lilikuwa jipya kabisa. Kwapani kuna kile kikaratasi cha dukani, hakijakatwa, kimekunjwa kwa ndani kisionekane. Nikaelewa. Lilikuwa la picha tu, Jumatatu linarudishwa.

Kile kikaratasi kilikuwa kimemchubua mama mpaka damu.

Pampasi ilikuwa nzito, imekaa muda mrefu hadi ngozi ya mapajani inatoka ikiguswa. Na mikononi, chini ya alama mpya za utepe, kulikuwa na nyingine. Za njano, zile zinazopona. Chini ya hizo, nyingine tena.

Nikatoa simu, nikazipiga picha zile alama. Nilitaka ushahidi.

Mama akaiona simu.

Mama yangu, ambaye hajui hata jina langu, alipoiona simu alicheka. Meno yote nje, kama kwenye picha. Macho hayamo kabisa kwenye kile kicheko.

Halafu akainua mikono yake mwenyewe, akailaza juu ya kingo za beseni la kuogea, mmoja huku, mwingine huku.

Akakaa anangoja nimfunge.

Nilitapika kwenye sinki. Kila nilichokuwa nimekula tangu Chicago kikatoka. Mama akaendelea kucheka, mikono iko pale pale, mpaka nilipoificha simu chini ya taulo.

Nilimwogesha, nikamkausha, nikampaka mafuta. Tukakuta Wendell yupo nje ya mlango na nguo za kulalia za mama, laini zimefuliwa, kazipasha moto kwenye mashine ya kukaushia. Tukampeleka chumbani kwake.

Kile chumba nilikuwa nakijua kwenye picha. Ukuta wa mbao, shada la majani makavu, taa ndogondogo, maboga mawili juu ya meza.

Ni ukuta mmoja tu ulio hivyo. Kuta zile tatu zingine tupu. Godoro limefunikwa plastiki. Dirisha limepigwa misumari.

Nikakaa kwenye kitanda. Nikamuuliza Wendell, zile safari zote za Jumamosi, mama alikuwa anavumiliaje baridi na hali hii?

Akanishangaa. "Safari zipi, shemeji? Tumetoka siku tatu tu."

Ndipo aliponiambia, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Corrie alikuwa anapanga nguo sita kwenye begi. Wanafika shambani, mama anabadilishwa sweta ndani ya gari huku milango iko wazi, anatolewa, anapigwa picha, anarudishwa, anabadilishwa tena. Baridi ile ya mwezi wa kumi, mama mtupu kifuani, watu wanapita na matoroli ya maboga. Matufaha hakuchuma hata moja. Aling'ang'ania kula lile aliloshikishwa, akanyang'anywa kwa sababu litaonekana limeng'atwa.

Majani mekundu yanayomwangukia? Corrie aliyaleta kwenye gunia. Yeye Wendell ndiye aliyeambiwa apande ngazi ayamwage.

"Na ukayamwaga," nikamwambia.

"Nikayamwaga."

Hakujitetea. Alisema aliwahi kumwambia mkewe aache, mara moja tu, akajibiwa basi kaa naye wewe. Yeye anaondoka na lori alfajiri, anarudi saa nane mchana. Kuanzia saa nane mpaka mama alale ni yeye anayemlisha na kumbadilisha. Siku ile ya sikukuu hakuwahi kumbadilisha, alitumwa stesheni kuchukua wageni.

"Kabla ya saa nane sijui kinachoendelea," akasema. "Ni uongo. Najua. Mimi ni mwoga, shemeji."

Nilimwomba radhi kwa vile nilivyomshutumu mbele ya ukoo mzima. Akasema hakuna shida, ila supu ya mama isiwe ya moto sana, huwa hajui kupuliza.

Nikarudi sebuleni. Walikuwa wamefika kwenye pai.

Nililibeba lile sweta, limelowa, na kile kikaratasi chake cha dukani. Nikaliweka katikati ya meza, juu ya mabaki ya bata.

Shangazi Arlene akasukuma sahani yake.

Nilimwambia mdogo wangu maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia ananitia kinyaa. Nikamwambia mama amekuwa kama boga kwake, linapambwa likipita sikukuu linatupwa. Nikamwambia nina picha ya mikono ya mama na kabla sijafika nyumbani wafuasi wake wote elfu nne watakuwa wameiona.

Corrie akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na miduara myeusi chini ya macho, ile ambayo kwenye picha haionekani kwa sababu yeye ndiye anayepiga.

Akachukua simu yake, akawa anatafuta kitu, anashusha, anashusha. Akaniwekea mbele.

"Posti. Lakini soma hii kwanza. Isome kwa sauti, wote wasikie."

Yalikuwa mazungumzo yetu, mimi na yeye. Tarehe kumi na moja mwezi wa tisa.

Nikasoma.

"Dada, nimefika mwisho. Mama halali, na mimi silali. Leo nilimsukuma, akaanguka. Naogopa ipo siku nitamfanya kitu kibaya zaidi. Nakuomba njoo umchukue, hata wiki mbili tu. Nisaidie."

Chini yake kulikuwa na jibu langu. Nilijibu baada ya dakika moja.

Moyo mwekundu. Na maneno matatu: Wewe ni shujaa.

Jamani... sikumbuki kuuona ule ujumbe. Naapa sikumbuki. Lazima niliona jina lake, nikaona neno mama, nikadhani ni yale yale ya siku zote. Nikabonyeza nikaendelea na mgonjwa aliyekuwa mbele yangu na kadi yake mkononi.

Lakini nilijibu. Mkono ulikuwa wangu.

"Nilimwandikia na shangazi," Corrie akasema. "Akaniletea keki."

Shangazi Arlene akawa anatazama mapambo ya dari.

Corrie akaeleza, bila kulia. Alisema alipoandika kwamba mama anaumwa, hakuna aliyekuja. Alipompakatisha mama boga, watu mia mbili walimjibu siku hiyo hiyo. Akaona kumbe hii ndiyo lugha watu wanayoisikia. Saa ya kuweka picha ndiyo ilikuwa saa pekee kwa siku ambapo mtu alimwambia neno zuri. Basi akawa anaitafuta, anaitafuta, mpaka mama akigoma kutulia anaona kama mama anamnyima pumzi.

Nilikaa chini. Mtu niliyekuwa namtemea mate, nilikuwa nimemtengeneza mimi kwa kidole kimoja.

Lakini sikilizeni, nisije nikaonekana namsafisha. Sababu ni sababu, na alama mikononi ni alama. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Uchovu naukubali. Kumsukuma kwa hasira, hata hilo naweza kulielewa. Lakini uchovu haumbadilishi mtu sweta sita kwenye maegesho ya magari, Corrie. Hilo ulilipanga kwa akili iliyotulia."

Hapo ndipo alipolia.

Jioni ile ile niliondoka na mama. Wendell alimfunga mkanda wa gari, akampa mto, akasimama barabarani mpaka tukakata kona. Picha ya mikono sikuiposti. Niliona kwanza inabidi niposti na ule moyo mwekundu, na sikuwa na ujasiri.

Nikafika Chicago najiona mkombozi.

Siku ya kwanza nilimlisha supu ya vuguvugu, nikamwimbia. Siku ya pili alinipiga kofi. Siku ya tatu alilia kutoka jua kuzama mpaka lilipochomoza, anamwita mama yake. Paka alihamia juu ya kabati akagoma kushuka. Kazini niliomba ruhusa ya wiki, ikaongezwa siku tatu, halafu wakaanza kunijibu kwa ufupi.

Siku ya tisa, asubuhi, nilikuwa nimelala kwa saa mbili tu. Nikaingia chumbani kwake nikakuta kavua pampasi na kilichokuwamo kakipaka ukutani, kwenye shuka, kwenye nywele zake. Anakisoma kama mtu anayesoma gazeti, kwa utulivu kabisa.

Nilisafisha. Nikamvalisha. Nikageuka kuchukua shuka safi, nikageuka tena, akawa ameanza upya.

Nikamshika mikono. Akaichomoa. Nikamshika tena.

Nikajisikia nasema kwa sauti, "Dakika tano tu, mama. Tulia dakika tano tu."

Nikatazama mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshika mkanda wa joho langu la kuogea, na tayari ulikuwa umezunguka mkono wake mara moja.

Sijawahi kujichukia namna ile. Kile kinyaa chote nilichokuwa nimekitema juu ya Corrie kilirudi, kikanijaa mdomoni, na safari hii hakikuwa na mtu wa kumtemea.

Niliutupa ule mkanda. Nikapiga simu. Nilikuwa na majina mengi kwenye simu, na marafiki wengi, lakini mtu pekee duniani aliyeweza kunielewa asubuhi ile alikuwa yule niliyemwambia ananitia kinyaa.

"Corrie," nikasema. "Nimeshika mkanda."

Sauti yake ikatulia, siyo ile tamu ya kwenye ukurasa. Sauti ya mtu anayejua.

"Uko wapi mkanda sasa hivi?"

"Chini."

"Usiuokote. Mpe nguo yenye vifungo, atakaa navyo nusu saa. Kisha toka chumbani, funga mlango, kaa sakafuni. Shuka iache. Usikate simu mpaka nifike."

Aliendesha gari kwa saa mbili na nusu, simu iko hewani. Hakunisimanga hata mara moja. Alipoingia alinikuta bado nimekaa sakafuni, akakaa na yeye. Tulikaa pale, wanawake wawili wazima, tunanuka.

Wiki iliyofuata tulimpeleka mama kwa daktari tukasema ukweli wote, yale ya kwake na yale ya kwangu. Daktari hakuficha, alisema lazima aandike taarifa. Sasa kuna ofisa mmoja wa ustawi wa jamii anakuja bila hodi, kwangu na kwao, anaangalia mikono ya mama kabla hata hajasalimia. Na aangalie.

Mama yuko kwangu wiki mbili, kwao wiki mbili. Mchana anakwenda kwenye kituo cha wazee. Nyumbani kwa Corrie ni lazima Wendell awepo. Kakubaliwa zamu ya mchana, mshahara umepungua, hajalalamika. Binamu zetu tumewapangia siku. Shangazi Arlene naye ana Jumatano zake, na keki tumemkataza.

Ukurasa Corrie aliufuta. Kabla hajaufuta aliandika mistari minne ya kweli. Waliokuwa wanamwita malaika wakamwita shetani ndani ya saa moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mama anahitaji nini.

Krismasi tulikula kwangu. Watu wanne tu. Mti tulinunua kando ya barabara, umeegemea upande. Mama alikula pai kwa mikono, nyingine akaitia kwenye mfuko wa shati la Wendell, akamwambia aipeleke kwa ng'ombe. Wendell akasema sawa mama, nitawapelekea. Akakaa nayo mfukoni mpaka jioni.

Mnataka kujua kama nimemsamehe mdogo wangu? Sijui. Kuna siku naikumbuka ile milango ya gari iliyo wazi, natamani nisimwone. Kuna siku najikumbuka mimi, nanyamaza. Tunaosha vyombo pamoja hivyo hivyo.

Wewe unayesoma hapa, najua unaye mtu. Dada, kaka, wifi, mtu fulani kwenye ukoo wenu anayemuuguza mzazi ambaye ni wa wote. Unaziona picha zao za sikukuu, unasema mama yupo kwenye mikono salama, unapita.

Leo usimwandikie kwamba ni shujaa. Fungua ujumbe wake wa mwisho uusome mpaka chini.

Halafu mpe Jumamosi yako moja. Nenda mwenyewe, ingia chumbani kwa mgonjwa, ufunge mlango, na umwache mwenzako alale.